Siku ni ya Mungu, Saa ni Zenu

Wanangu wa Kariakoo, mnaofungua maduka na mnaopanga bidhaa chini, nisikilizeni. Kila nikiwaonya mnanijibu, "Mzee, siku ikifika imefika." Sibishani na kadari. Ila msiifanye kichaka cha uzembe.

Kumbukeni Jumamosi ya 16 Novemba 2024, ghorofa la Mtaa wa Mchikichi lilipoporomoka asubuhi na watu wamo ndani. Zaidi ya 20 tuliwazika. Lakini zaidi ya 80 walitolewa hai, kwa kuwa kuna waliochimbua kifusi kwa nyundo na mikono mitupu, na kwa kuwa walionasa chini walipelekewa hewa, maji na glukosi wakati bado wanatafutwa. Siku yao haikuwa imefika, naam. Lakini kuna watu waliokesha kuwaokoa.

Basi shikeni haya. Mlango uliofungika vizuri jana ukikwama leo, ufa ukirefuka, plasta ikidondoka, au mtu akichimba chini ya nguzo huku nyinyi mnauza juu, tokeni kwanza, mzigo baadaye. Kodi uliyolipa miezi sita mbele haishiki dari.

Ukifukiwa, ziba pua na mdomo kwa nguo. Usipige kelele mfululizo, utameza vumbi na kuishiwa nguvu. Gonga bomba au ukuta, tulia, gonga tena. Nanyi mlio nje, pigeni 114 ya Zimamoto, kisha nyamazeni mumsikie anayegonga.

Na hili ndilo vijana wenye huruma hulikosea. Aliyebanwa mguu kwa saa nyingi msimvute kwa pupa. Nyama iliyosagika hutengeneza sumu. Uzito ukiondolewa ghafla, sumu hukimbilia moyoni na kwenye figo, na mtu aliyekuwa akiongea nanyi hufa mikononi mwenu. Daktari amtundikie dripu kwanza, ndipo anyanyuliwe. Anayevuja damu, kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi, msiachie mpaka afike hospitali.

Aliyetoka akitembea naye aende hospitali ya Amana au Muhimbili akapimwe. Damu inayovujia tumboni haionekani kwa macho, na "niko fiti" si kipimo.

Mungu anajua siku. Saa zilizo kabla yake ametuachia sisi, na atatuuliza tulivyozitumia. Leo kabla ya kufunga duka, tazameni nguzo zenu, na mkubaliane nani atapiga simu.