Mgeni wa Siku Moja

Methali yetu isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe, ni sheria kamili ya ukarimu kwa maneno machache. Yaeleza haki ya mgeni, ambayo ni kulishwa na kuheshimiwa pasipo kuulizwa kazi. Yaeleza na wajibu wake, ambao ni kushika mpini mara haki hiyo inapokwisha. Walakini yuko mgeni mmoja ambaye methali haikumtaja. Huyu huwasili asubuhi na kuondoka kabla ya magharibi. Hafiki siku ya pili, sembuse ya tatu, na jembe halimpati kamwe. Yamkini waliotunga methali hawakupata kumwona mtu wa namna hiyo, maana katika siku zao hapakuwa na chombo cha kumchukua mtu mbali na kumrudisha kwake kabla ya chakula cha usiku.

Katika Uingereza mgeni huyo ni jeshi zima. Kila Jumamosi ya kiangazi hutoka London na miji mingine mikubwa akaenda kutazama bahari, magofu ya ngome, makanisa ya zamani na vichochoro vilivyotandikwa mawe. Akanywa chai, akapiga picha, akarudi. Nataka kuuliza katika kurasa hizi: je, mtu huyu anadaiwa nini na mji alioutembelea? Siulizi kama hakimu. Nauliza kama mshtakiwa, na sababu yake itaonekana mbele.

Kwanza yafaa atetewe. Katika karne ya 18, waganga wa Uingereza walipoanza kusifu maji ya bahari kuwa ni dawa, waliokwenda kujitibu Brighton na Scarborough walikuwa watu wa mali na nasaba. Maskini wa viwandani aliweza kuishi na kufa pasipo kuiona bahari izungukayo kisiwa chake. Tarehe 5 Julai 1841 Thomas Cook aliwasafirisha watu wapatao 500 kwa gari la moshi kutoka Leicester mpaka Loughborough, shilingi moja kwa kila mtu, kuhudhuria mkutano wa waliojinyima pombe. Na mwaka huo huo reli ya London na Brighton ilifunguliwa. Mwaka 1871 Bunge lilipitisha sheria ya sikukuu za mabenki, na mwaka 1938 ikafuata sheria iliyofungua mlango wa likizo yenye mshahara. Kwa hiyo siku moja ya mtu wa kazi kando ya bahari si anasa aliyopewa bure. Ni haki iliyopatikana kwa ngazi, na kila ngazi ilichukua miaka. Wanaomdharau mgeni wa siku moja, kwamba anakula chakula chake kwenye karatasi na kupiga kelele, aghalabu ni wale wenye uwezo wa kukaa mwezi mzima. Dharau yao siihesabu kuwa hoja.

Mwaka 2012 nilikuwa mwanafunzi katika jiji la London. Jumamosi moja ya mwezi wa Juni nilikwenda na wenzangu wawili katika mji wa Rye, Sussex ya Mashariki. Kutoka St Pancras mpaka Ashford treni huenda kwa kasi ya kutisha. Pale Ashford msafiri hushuka akapanda nyingine ndogo iendeshwayo kwa dizeli, kwa kuwa reli ile haijatiwa umeme. Basi ni hapo tu, katika safari nzima, ambapo jina la gari la moshi lilikuwa na ukweli ndani yake. Tulipita nchi tambarare, mbichi, yenye mitaro ya maji na kondoo wasiohesabika. Halafu kikatokea kilima kimevaa vigae vyekundu toka chini mpaka juu, na kileleni mnara wa kanisa.

Sitajaribu kuficha furaha niliyoipata. Njia iitwayo Mermaid Street hupanda kwa mawe ya mviringo yasiyo sawa, hata mtu hulazimika kutazama miguu yake kama mtoto ajifunzaye kutembea, na pande zote mbili nyumba za viunzi vya mbao zimeinamiana kama wazee wanaonong'onezana. Nyumba ya wageni iliyoipa njia ile jina lake ilijengwa upya mwaka 1420, juu ya vyumba vya chini vilivyo vikongwe zaidi. Husimuliwa kwamba katika karne ya 18 wafanya magendo wa Hawkhurst walikunywa humo huku bastola zao ziko mezani. Lango la mji ni la karne ya 14. Mwandishi Henry James, Mmarekani aliyeipenda Uingereza kuliko Waingereza wengi, alihamia hapo mwaka 1898. Kanisani iko saa ambayo mitambo yake ni ya karne ya 16, nayo ingali inakwenda.

Tulipanda mnara wa kanisa, na juu yake tukaona jambo ambalo barabarani halionekani. Bahari haipo. Iko mbali, mstari mwembamba wa rangi ya bati, kiasi cha kilomita 3. Mashua chache zimefungwa katika mto mwembamba chini ya kilima. Rye ni mji wa bandari ulioachwa na bahari yake.

Habari zake yafaa zielezwe, maana hoja yangu imesimama juu yake. Katika zama za kati Rye ilikuwa katika shirika la bandari za kusini zilizompa mfalme merikebu 57 kwa siku 15 kila mwaka, nazo zikapewa haki ambazo miji mingine haikuwa nazo. Mwaka 1287 tufani kuu iliizamisha Winchelsea ya kale, jirani ya Rye, ikauhamisha mlango wa mto Rother kutoka Romney ukaja kutokea Rye. Msiba wa jirani ukawa bahati ya mji huu. Mwaka 1377 Wafaransa waliuteketeza kwa moto, nao ukajengwa tena. Adui aliyeushinda hakuja na moto. Alikuja na matope. Wenye ardhi walijenga kuta katika vinamasi ili wapate malisho ya kondoo, na kila shamba lililonyang'anywa maji lilipunguza nguvu ya maji kujaa na kupwa, nguvu ambayo ndiyo iliyokuwa ikifagia matope katika mlango wa bandari. Kuta zilipoongezeka, ufagio ulidhoofika. Watu wa mji walilalamika kizazi baada ya kizazi. Katika karne ya 18 ilichimbwa bandari mpya. Kazi ilichukua miaka zaidi ya 60, ikafunguliwa mwaka 1787, na mwaka huo huo ikaachwa. Miaka 60 ya jasho kwa miezi michache ya matumizi!

Mji uliopoteza bandari hupoteza fedha, na mji usio na fedha haubomoi nyumba kuukuu ili kujenga mpya. Hiyo ndiyo siri kubwa ya uzuri wa Rye. Nilichokuwa nikikipiga picha tangu asubuhi ni umaskini uliobaki wima.

Je, ni vibaya kufurahia tunda la huzuni ya watu? Wako watakaosema ndiyo. Mimi sikubaliani nao. Aokotaye embe chini ya mti baada ya tufani hakuipigia tufani makofi. Mabaharia wa Rye waliokosa maji, na maseremala waliokosa merikebu za kujenga, hawatudai machozi, wala machozi yetu yasingewafaa kitu. Lakini mwokota embe ana swali moja asiloweza kulikwepa: mti huu uko katika ua wa nani?

Alasiri tulishuka mpaka diko la wavuvi, kwa kuwa Rye ingali ina mashua zinazoleta samaki na kombe. Hapo palikuwa na mzee akikunja nyavu. Alisema kwamba mwanawe, mvuvi kama yeye, alizaliwa katika nyumba ya mji wa juu, lakini sasa anakaa mji mwingine na kuja kazini kwa motokaa kila alfajiri. Nyumba aliyozaliwa hupangishwa wageni kwa wiki. Alilisema hili bila hasira, kama mtu atajaye hali ya upepo. Kisha akaniuliza nimetoka wapi. Nikamjibu kwamba nimetoka Lamu, mji wa kale wa pwani ya Kenya.

"Na huko kwenu wanakuja?" akauliza.

"Wanakuja, mzee."

"Wananunua?"

Nikasema wananunua. Akacheka, akarudi kwenye nyavu zake.

Jambo la mzee yule si la Rye peke yake. Mwaka 2016 watu wa St Ives, katika Cornwall, walipiga kura, na zaidi ya asilimia 80 ya waliopiga walikubali mpango wa kuzuia nyumba mpya zisiuzwe kuwa makao ya pili ya watu wa mbali. Mwaka 2022 Whitby, mji wa pwani ya Yorkshire ambako James Cook alijifunza ubaharia, ulitoa jibu kama hilo kwa zaidi ya asilimia 90. Mgeni wa siku moja aweza kujitetea kwamba yeye hakununua nyumba ya mtu, na utetezi huo una uzito: katika wageni wote ndiye achukuaye nafasi ndogo kabisa, maana hata kitanda hakitaki. Kweli, mnunuzi wa nyumba naye aghalabu alianza kwa siku moja na kikombe kimoja cha chai. Hata hivyo haki haimhukumu mtu kwa kosa atakalolitenda mwingine baadaye, na mimi sitamtwika mzigo huo.

Niseme neno kando. Pwani hiyo hiyo ya kusini, upande wa magharibi, iko Southsea, mtaa wa Portsmouth, mahali pa matembezi ya kiangazi na mandhari ya bahari. Katika mji huo wa Portsmouth ndimo alimoishi Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Unguja, tangu mapinduzi ya 1964 mpaka alipohamia Oman mwaka 2020, ambako alifariki mwaka 2024. Kwa zaidi ya miaka 50 maelfu ya watu walifika kutafuta furaha ya siku moja katika mji ambao kwake ulikuwa uhamisho. Sidhani kuna mji wenye sura moja.

Nilirudi Rye mwaka uliofuata, peke yangu, nikatembea mpaka kijiji cha Rye Harbour na kuupita, juu ya changarawe, mpaka nikafika kwenye nyumba tupu ya saruji iliyosimama peke yake mbele ya bahari. Safari ya kwanza sikuifikia, kwa kuwa haimo katika picha zinazouzwa. Kutoka nyumba hiyo, tarehe 15 Novemba 1928, katika dhoruba, watu 17 walisukuma majini mashua ya kuokolea iitwayo Mary Stanford, waende kuinusuru meli ya Latvia iliyogongwa. Mabaharia wa meli ile walikuwa wamekwisha kuokolewa na meli nyingine. Ishara ya kuwarudisha waokoaji ilitolewa, nao hawakuiona. Wote 17 walikufa, na miongoni mwao alikuwamo baba na wanawe. Mashua ya kuokolea haikuwekwa tena katika nyumba ile. Nilisimama pale kitambo, upepo ukinipiga, nikaona kwamba mwaka uliopita niliusifu mji mbele ya watu wengi bila kujua hata neno moja la mambo hayo.

Nilipomweleza hayo mwenzangu mmoja, mwalimu wa falsafa, alinikemea. "Wewe," alisema, "wataka mwenye siku moja ya mapumziko katika wiki aitumie kusoma tarehe za misiba! Aliyesimama mbele ya mashine siku sita hadaiwi chochote na mawe ya Rye. Mwache ale chips zake." Nimelifikiri neno hilo kwa miaka mingi, na leo nakiri kwamba kwa sehemu kubwa alikuwa na haki. Elimu ya mahali ni deni la mwenye nafasi. Msomi aendaye pahali akarudi mjinga kama alivyokwenda amekosa, kwa kuwa alikuwa na macho na wakati. Mchukuzi wa mizigo aliyekwenda kupumua hakukosa kitu. Tukiyasawazisha madeni yao tutakuwa tumewadhulumu waliochoka.

Lakini liko deni moja ambalo halitaki elimu wala wakati, na hili linamhusu kila mmoja. Nalo ni kukumbuka kwamba nyuma ya ukuta mzuri mtu anakaa.

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alizoea kukaa dakani mwa nyumba yake baada ya alasiri, akisuka ukili. Nyumba yetu ilikuwa na mlango wa nakshi, na wageni walisimama mbele yake. Wengi walisalimu. Siku moja mmoja aliinua kamera, akamsogelea, akapiga, akaenda zake bila neno, wala si neno la lugha yake mwenyewe. Bibi alivuta mtandio usoni, akaingia ndani, na siku nyingi baadaye alikaa ukumbini, gizani, na ukili wake. Sikupata kusahau hasira niliyoiona kwa baba yangu, wala kusahau kwamba bibi mwenyewe hakukasirika; aliona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa adabu.

Nami mchana ule wa Juni, katika Mermaid Street, palikuwa na dirisha dogo la vioo vya vipande vipande, na chungu cha maua kizingitini. Nilisogea mpaka pua yangu ikawa karibu na kioo, nikapiga picha. Nilipoitazama garini jioni, tukirudi London, niliona kwamba nyuma ya maua yuko mtu: bwana mzee aliyeketi mbele ya sahani, uma umefika nusu ya njia ya kinywa, na macho yake yamenielekea. Picha hiyo ninayo mpaka leo katika mtoto wa meza. Mkono wake wa pili ulikuwa umekwisha kushika pazia.