Je, Faida Yatosha Kuihalalisha Njia?

Watu wa zama zetu wana neno moja ambalo likisha kutamkwa mabishano hukoma, nalo ni neno "faida". Mtu akiuliza, "Kwa nini mwafanya hivi?" huambiwa, "Kuna faida." Basi hunyamaza, kana kwamba amekwisha jibiwa. Sisi twaona kwamba hilo si jibu, bali ni mwanzo wa maswali. Ni faida ya nani? Imepatikana kwa njia gani? Na taabu yake imemwangukia nani? Twataka kuyapima maneno haya kwa kitu kidogo ambacho wengi wetu hukikanyaga bila ya kukitazama: ganda la mdudu.

Ganda la mdudu, la kamba na la kaa, na hata ukuta wa chembe za uyoga, vyote vina kitu kiitwacho kitini. Mfaransa Henri Braconnot alikivumbua katika uyoga mwaka 1811. Baada ya selulosi ya mimea, kitini ni katika vitu vilivyo vingi kabisa miongoni mwa vile viumbe hai huvifuma katika miili yao. Nacho, ijapokuwa ni kigumu, asili yake ni sukari: vipande vidogo vidogo vya sukari vilivyoungwa kama shanga katika uzi mrefu, na nyuzi hizo zikalazwa pamoja zikashikana kwa nguvu. Mwenye kuweza kuukata uzi huo hupata sukari zenye kazi nyingi, katika dawa, katika vyakula na katika kilimo.

Njia za kuukata ni mbili. Ya kwanza ni ya tindikali. Mwaka 1876 Mjerumani Georg Ledderhose alichemsha magamba ya kambakoche katika tindikali kali, akapata sukari iitwayo glukosamini. Ya pili ni ya vimeng'enya, yaani vile vitu ambavyo miili ya viumbe huvitumia kumeng'enyea chakula. Mwaka 1929 kijana wa Kiswisi, Albert Hofmann, alimaliza masomo yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Zurich kwa kukivunja kitini kwa maji ya tumbo la konokono wa mashamba ya mizabibu. Jambo ambalo Mjerumani alilifanya kwa moto na tindikali, konokono hulifanya kimya kimya tumboni mwake.

Tofauti ya njia hizi si ya mwendo tu. Tindikali haichagui mahali pa kukata. Hukata popote, na hung'oa hata kile kipande kidogo cha siki kilichoshikamana na kila sukari. Isitoshe, kabla ya kukata, magamba huoshwa kwa tindikali ili chokaa iondoke, kisha kwa magadi makali ili nyama na protini ziondoke. Na mwisho wa kazi hubaki maji mengi ya chumvi na ya ukali, ambayo lazima yaende mahali. Kimeng'enya hujua mahali pake pa kukata. Hufanya kazi katika joto la kadiri, huiacha sukari na umbo lake la asili, na fundi aweza kukisimamisha apate vipande vya urefu autakao. Lakini kazi yake ni ya polepole, na bei yake ni kubwa.

Msomaji wa Kisii au wa Nyamira huenda akauliza, "Haya yatuhusu nini sisi tulio mbali na kamba wa baharini?" Yanatuhusu sana. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.2 katika Kisii na zaidi ya 600,000 katika Nyamira, na nchi hii ni ndogo. Mashamba yamegawanywa yakagawanywa tena, hata urithi wa baba mmoja hauwatoshi wanawe. Udongo umechoka, na mbolea ya dukani ni ghali. Upande wa pili, taka za masoko yetu, kama lile la Daraja Mbili, hurundikana zikioza. Wako wafugaji sasa wanaozilisha taka kama hizo kwa mabuu ya nzi askari mweusi. Mabuu huwa chakula cha kuku na samaki, na kinyesi chao huwa mbolea. Na buu anapogeuka nzi huacha ganda lenye kitini. Mwaka 2022 watafiti wa Icipe, kituo cha elimu ya wadudu kilichoanzishwa Nairobi na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, walitangaza kwamba kitini kilichotolewa katika maganda hayo kilisaidia kuzuia ugonjwa wa mnyauko wa nyanya. Na imethibitika kwamba mmea ukihisi vipande vya kitini huviona kama dalili ya adui, ukaanza kujikinga.

Basi faida ipo. Tuseme kesho aje mtu mwenye mali, ajenge kiwanda cha kuvunja maganda kwa tindikali juu ya mmoja wa mito yetu. Vijana watapata kazi, naye atapata fedha. Maji machafu yatakwenda wapi? Mito ya Gucha na Sondu huyapokea maji ya milima hii na kuyapeleka Ziwa Viktoria. Mto tuuitao Gucha huku juu ndio uitwao Kuja huko chini katika nchi ya Migori, na njiani kote wako watu wachotao, waogao na wanyweshao ng'ombe. Hao hawakuulizwa, wala hawana hisa katika kiwanda.

Twajua tutakavyojibiwa. Tutaambiwa, "Umaskini hausubiri, njia ya upole ni ghali, tuanze na iliyo rahisi, tutatengeneza baadaye." Hoja hii haina budi kusikilizwa kwa insafu, maana njaa ya vijana wetu si hadithi. Lakini tuitazame vizuri. Njia ya tindikali isiyosafisha maji yake haikuwa rahisi. Gharama yake imehamishwa tu. Mwenye kiwanda hakuilipa, akaachiwa mama achotaye maji huko chini ailipe kwa maradhi ya wanawe. Kuiita hiyo rahisi ni kusema uongo katika hesabu. Wanachuoni wa sharia wamekubaliana kwamba kuondoa madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Njia zote mbili za hukumu zimefika mahali pamoja.

Wala tusidanganyike upande wa pili. Kimeng'enya hakitakasi kila kitu kwa kuwa jina lake ni la upole. Mara nyingi magamba huoshwa kwanza kwa tindikali ile ile, ndipo kimeng'enya kikaletwa mwisho. Kiwanda cha namna hiyo chaweza kujisifu kwa mwisho wake na kuficha mwanzo wake. Kwa hiyo swali si "Mwatumia nini?" tu, bali ni "Maji yenu yanatoka vipi?"

Kisha iko haki ya mnunuzi. Glukosamini huuzwa kuwa dawa ya maungo, na wazee wetu wenye magoti mabovu huinunua kwa fedha za chai na ndizi. Jaribio kubwa lililofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 2006 halikuona, kwa wagonjwa wote kwa jumla, kwamba glukosamini imekishinda kidonge kisichokuwa na dawa. Mwenye kuiuza kama tiba ya hakika huuza tumaini asilokuwa nalo. Pia yampasa aseme imetoka katika nini: kamba, mdudu, au kuvu. Yuko ambaye gamba la kamba humdhuru mwilini, na yuko ambaye dini yake humtaka ajue asili ya anachokila. Kumficha ni khiyana, hata kama sukari yenyewe ni moja.

Na mkulima mdogo asidhani kwamba asipokuwa na kiwanda hana fungu. Udongo wake una vijidudu ambavyo tangu zamani hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja kitini. Akiyachanganya maganda ya mabuu na mboji yake, kazi ile ile hufanyika shambani polepole, bila ya tindikali na bila ya kumdhuru jirani. Haitampa unga mweupe wa kuuza ng'ambo, lakini yaweza kulisaidia shamba lake.

Ndugu zetu, elimu hii ni njema, na tusiiogope. Vijana wetu na waisome, wawe wao ndio mafundi wake, wasingoje kuletewa. Lakini siku watakapokuja watu na karatasi za mkataba, wazee na viongozi wasitie sahihi kwa kusikia neno faida. Waulize mambo matatu: faida hii ni ya kweli au ya maneno, maji yanakwenda wapi, na nani hakuitwa barazani naye ataguswa. Yakijibiwa kwa uwazi, na tufungue njia. Yasipojibiwa, tungoje, maana mto ukisha kuharibika, wa huko chini hawezi kuurudisha juu aje autakase.