AMANA YA KURA NA HAKI YA MGENI

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wapo Waislamu wengi wadhanio kuwa mambo ya serikali yao na mataifa mengine hayawahusu. Husema: hayo ni ya mawaziri na mabalozi, mkulima wa mahindi wa Kwedizinga, au mvuvi wa Pangani, ana nini na maneno yasemwayo baina ya dola na dola? Dhana hii ni kosa, tena kosa lenye khatari, kwani humfanya mtu aitoe amana aliyopewa pasipo kujua ametoa nini.

Kila aliyesoma sira aijua khabari ya Habasha. Waislamu wa kwanza walipozidiwa na mateso ya Makureshi, Mtume aliwaelekeza kwenye nchi ya Najashi, mfalme wa Kinasara aliyesifika kwa uadilifu. Makureshi wakatuma wajumbe wawili, Amr bin Al-As na Abdullah bin Abi Rabia, na zawadi za ngozi nzuri. Wajumbe hao hawakuanza kwa mfalme. Walianza kwa wakuu wa dini waliomzunguka, wakampa kila mmoja zawadi yake, ili wamshauri mfalme awatoe wakimbizi wale pasipo kuwasikiliza. Wakuu wakapokea, wakasema kama walivyotakiwa. Najashi akakataa. Akamsikiliza Jaafar bin Abi Talib, kisha akaamuru zawadi zirudishwe.

Na izingatiwe hali ya wakuu wale. Hawakuwa wafalme, walikuwa na neno moja moja tu la kusema. Walakini neno hilo lilinunuliwa, na nyuma ya bei yake zilikuwako roho za watu.

Jambo la namna hiyo limetokea pia katika nchi ya Wazigua. Katika karne ya 19, siku za njaa na za biashara ya watumwa, Wazigua wengi walichukuliwa kwa majahazi wakapelekwa pwani ya Wasomali. Wengine walitoroka, wakafanya makao kando ya mto Juba, na lugha ya wazee wao wakaihifadhi. Vita vya Somalia vilipowaka mwaka 1991, baadhi ya wajukuu zao walikimbilia Tanzania. Wakawekwa Mkuyu, katika Handeni, na baadaye Chogo, katika Handeni hiyo hiyo. Serikali ikawapa ardhi, na wengi wao wakapewa uraia. Waliotoka katika minyororo walirudi wakaonana na wenyeji wanaosema Kizigua kama wao. Huo ni wema uliotendwa kwa jina la raia wote, na aliyeuridhia ana fungu lake katika thawabu.

Lakini nchi hiyo hiyo ilitenda na jambo jingine. Mwezi wa Desemba 1996, mwaka mmoja tu baada ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu sheria ya 1992, Wanyarwanda wapatao nusu milioni waliokuwa katika kambi za Ngara na Karagwe walirudishwa kwao, askari wakisimamia. Ni kweli kwamba miongoni mwao walikuwamo waliotenda mauaji ya 1994. Walakini walikuwamo pia watoto wachanga, na wajane, na wazee ambao hawakumwua mtu, na wengi wao walirudi kwa hofu wala si kwa hiari. Hilo nalo lilitendwa kwa jina la raia wote. Ni wangapi katika raia hao waliomwuliza mbunge wao kwa nini?

Huenda mtu akajibu kuwa wazee wake nao hawakuulizwa chochote. Ni kweli. Mwezi wa Juni 1916, majeshi ya Waingereza yaliposhuka kwa njia ya mto Ruvu yakazitwaa Korogwe na Handeni kutoka kwa Wadachi, hapana Mzigua wala Mbondei aliyetakwa shauri. Vita viliamuliwa Ulaya. Watu wa nchi walitwikwa mizigo, na katika vita hivyo wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Wazee wale hawana dhambi ya vita hivyo, kwani Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Lakini mjukuu hawezi kujificha nyuma ya udhuru wa babu, ikiwa yeye amepewa alichonyimwa babu yake.

Alichopewa ni hiki. Kwa sheria ya Tanzania, kila raia aliyetimiza miaka 18 na kuandikishwa huchagua Rais na mbunge wake. Rais ndiye amwekaye waziri wa mambo ya nje na kuwatuma mabalozi. Bunge ndilo liridhialo mikataba inayohitaji kuridhiwa, na ndilo lipitishalo fedha za wizara. Na Rais atangazapo vita, tangazo hilo hupelekwa Bungeni. Basi mkono uliotia karatasi katika sanduku huko Kwedizinga umefika mpakani Ngara, umefika na ng'ambo ya bahari. Mwenye mkono huo ni kama wale wakuu wa Habasha: si mfalme, lakini ana neno.

Na zawadi za ngozi hazikukoma. Leo huitwa sukari, na kanga, na nauli, na sahani ya pilau. Ilikuwako hata sheria iliyoiruhusu takrima ya wagombea, mpaka Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006. Sheria imeondoka, mkono wa kupokea ungalipo. Aliyeuza kura yake kwa kilo moja ya sukari hudhani ameuza karatasi. Kumbe ameuza pamoja nayo ulinzi wa mgeni asiyemjua, ambaye kesho atasimama mpakani na mtoto mgongoni.

Yuko atakayesema: kura yenyewe haihesabiwi. Wala hasemi bure. Mwaka 2019, katika uchaguzi wa vijiji na mitaa, wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama vyao vikajitoa. Na uchaguzi wa Oktoba 2025 ulifuatwa na machafuko na vifo. Aliyezuiwa kwa nguvu ana udhuru wake mbele ya Mola wake. Lakini udhuru huo ni wa aliyezuiwa, si wa aliyeuza, wala wa aliyelala. Na mlango mmoja ukifungwa, ulimi haujafungwa: mbunge aweza kuulizwa, diwani aweza kuulizwa, na zawadi yaweza kurudishwa.

Kwa hiyo yampasa Muislamu, mgombea ajapo barazani, asimwulize habari za barabara na kisima peke yake. Amwulize pia: mkimbizi akibisha hodi, utasema nini? Likiletwa shauri la vita, utasimama wapi? Kisha ampime kwa uadilifu, wala asimpe kura kwa kuwa anawachukia watu anaowachukia yeye. Kwani Mwenyezi Mungu amekataza chuki ya watu isitupeleke katika dhulma. Kura ni ushahidi, na shahidi ataulizwa.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu mkono wa Najashi, uliorudisha zawadi ukamwacha mgeni akae kwa amani. Amin.