Meza ya Chatou

Mtu alipaye kula katika nyumba iliyopata sifa kwa sababu ya wasanii, anakula nini hasa: chakula, au jina? Swali ni dogo kwa umbo, lakini kila nikiligeuza naliona linazidi uzito.

Natoa mfano wa mbali, ingawa nao ni wa kisiwani. Magharibi ya mji wa Paris, katikati ya mto Seine, pana kisiwa chembamba hapo Chatou. Fundi wa mashua, Alphonse Fournaise, alikuwa akikodisha mashua zake kisiwani humo, na kiasi cha mwaka 1860 akafungua mkahawa. Treni ilikwisha kuwaleta watu wa mjini karibu. Wakija kuvuta makasia, kuoga mtoni na kula. Maupassant, mwandishi wa hadithi, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1880 mchoraji Renoir alianza kuwachora rafiki zake kwenye roshani ya mkahawa huo, chakula kimekwisha kuliwa, juu yao pametandwa kitambaa cha mistari cha kukinga jua. Mezani yamebaki matunda na chupa za mvinyo, ambao wengi wetu hatuutumii, lakini zabibu zile kila mtu atazitamani.

Picha ilimalizika mwaka 1881. Mwaka 1923 Duncan Phillips wa Marekani aliinunua kwa dola 125,000, na hadi leo imo katika makumbusho yake mjini Washington. Nyumba nayo ilifunga jiko lake mwaka 1906, ikachakaa mno, mpaka mji wa Chatou ukainunua. Mwaka 1982 iliingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa na serikali ya Ufaransa. Ikatengenezwa, na mwaka 1990 meza zikaandikwa tena.

Basi picha imehama, roshani imebaki. Anayeketi hapo anakaa mahali palipotokwa na kile kilichompeleka. Je, huu ni udanganyifu? Sisi tunaofasiri mashairi hatuwezi kujibu swali hili kwa haraka. Shairi lililofasiriwa halina hata sauti moja ya lile la asili: vina vimekwenda, mizani imekwenda. Hata hivyo hatuliiti uongo, maadamu kile kilicholifanya shairi kuwa na uhai kimevushwa. Kwa hiyo la kuuliza ni hili: pale Chatou palikuwa na kitu gani cha kuvushwa?

Watazameni walioketi, kama watafiti wengi walivyowatambua. Aline Charigot, mshonaji nguo, ambaye baadaye aliolewa na Renoir, anacheza na mbwa mdogo. Mbele yake ameketi Caillebotte, mchoraji tajiri. Nyuma kabisa amesimama Ephrussi, mtu wa ukoo wa mabenki, kofia yake ndefu kichwani. Yumo mwigizaji Ellen Andrée, yumo baroni aliyewahi kuutumikia ukoloni wa Kifaransa kule Saigon, na wamo mtoto wa kiume na wa kike wa mwenye mkahawa. Mchoraji mwenyewe alikuwa mtoto wa fundi cherehani, na alianza kazi kwa kupamba vyombo vya kaure. Sisemi kwamba palikuwa peponi. Baroni wa Saigon anatosha kutuzindua. Lakini katika picha ile hamna kiti cha mkubwa. Hilo ndilo ninaloliona kuwa urithi, wala si ukingo wa chuma wala rangi ya kitambaa.

Sheria yaweza kuulinda ukuta. Desturi ya nani aketi na nani haina mlinzi, na bei huichagua kimya kimya hapo mlangoni, bila ya mtu yeyote kuambiwa ondoka. Nakiri kwamba wenye kutoza bei hizo wana hoja. Nyumba kongwe ya kando ya mto hula fedha kama jahazi linalovuja: paa, unyevu, mafuriko, mishahara. Anayelalamikia bei na aseme nani atalipa fundi.

Nasi jambo hili si la kulitazama kwa mbali. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Tangu hapo tumeona nyumba nyingi zikiokolewa na zikawa za wageni. Afadhali hivyo kuliko kuwa gofu. Lakini baraza ya mawe iliyojengwa kuelekea njiani, ambayo mwenye nyumba aliitoa ili apitaye apumzike, ndiyo iliyo karibu zaidi na meza ya Renoir kuliko sahani yoyote ya fedha. Pale inapowekewa kamba, nakshi ya mlango imebaki na maana yake imeondoka.

Rai yangu ni kwamba anayefanya biashara kwa jina la sanaa ana deni. Renoir hadai kitu. Amekufa tangu 1919. Wanaodai ni watu wa namna ya wale aliowaketisha: mshonaji, mwigizaji asiye na kazi, kijana atungaye mashairi. Siku moja katika wiki, meza moja, kwa bei anayoimudu mshonaji. Wala isiitwe sadaka, kwani sadaka humwachia mtoaji hiari, na deni halimwachii. Nitaambiwa kwamba wageni wa Fournaise walikuwa wakilipa. Naam, walilipa, na mvuta makasia naye aliweza kulipa.

Jambo moja tena katika picha: haonekani hata mtu mmoja anayehudumia. Alphonsine, binti wa mwenye nyumba, ameegemeza kiwiko chake juu ya ukingo, anazungumza na baroni kama mgeni miongoni mwa wageni. Aliishi hadi mwaka 1937, miaka 31 baada ya jiko kufungwa.