SANDUKU LA VYOMBO ALILOACHA FUNDI

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukusanya leo, tunamtaka msaada na msamaha, na tunamuomba rehema na amani juu ya Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), juu ya jamaa yake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, akina baba, akina mama, na ninyi vijana: ninawausia pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tunasema juu ya kitu ambacho wengi wanakiona kidogo, nacho ni vyombo vya kazi anavyoacha fundi akifa. Randa, tezo, patasi, msumeno, tupa, fuawe ya mhunzi, hata mashine ya kushona.

Huku kwetu Maniema ufundi ni kitu cha zamani. Watu wa pwani waliofika Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19 walileta dini, walileta mpunga na ujenzi wa nyumba. Walileta na utumwa pia, hatufichi. Baadaye, reli ya Kindu hadi Kongolo ilipofunguliwa mwaka 1911, wazee wengi walijifunza chuma kwenye kazi ya reli. Kwa hiyo ziko jamaa zenye nyundo iliyopita mikono ya watu watatu: babu, baba, mtoto. Vita vya 1996 na vya 1998 viliondoa vingi. Sanduku lililobaki si kitu cha kuchezea.

Tena kazi ya mikono si aibu ya mtu aliyekosa masomo. Nuhu (a.s.) aliamriwa kujenga jahazi. Zakariya (a.s.) alikuwa seremala, Muslim amelipokea neno hilo kutoka kwa Abu Hurayra. Daudi (a.s.) alikuwa mfalme, na Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma akatengeneza mavazi ya vita, akaamriwa apime vizuri pete zake, soma Sura Saba, aya ya 10 na 11. Mtume wetu ametufundisha kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachopata kwa kazi ya mkono wake, akamtaja Daudi kuwa mfano. Mfalme mwenye hazina alikula jasho lake!

Sasa tutazame mambo tunayoyaona mitaani. Fundi anakufa. Matanga hayajaisha, baba mdogo anafika, anabeba sanduku kichwani: «Hivi ni vya ndugu yangu.» Mjane ananyamaza kwa kuwa ana haya, watoto ni wadogo. Mwezi mmoja baadaye vyombo viko kwa wanunuzi wa mitraye, vinapimwa kwa kilo pamoja na mabati yaliyooza. Wazee wa msikiti wamesikiliza maneno ya namna hii zaidi ya mara moja. Ndugu yangu, kama marehemu ameacha mtoto wa kiume, wewe ndugu yake huna fungu hata la msumari mmoja. Sura An-Nisaa aya ya 10 inasema juu ya mwenye kula mali ya yatima kwa dhuluma kwamba anakula moto tumboni mwake. Patasi ya yatima ni mali ya yatima. Hata sheria ya jamaa ya nchi yetu, ya mwaka 1987, imewaweka watoto mbele.

Jambo la kwanza baada ya maziko ni deni. Fundi hafi na deni la duka tu. Kuna mtu alitoa avansi ya kitanda, mwingine alileta mbao zake, na randa moja pengine ni ya jirani aliyeazimisha. Mama wa nyumba mara nyingi ndiye anayejua haya kuliko watu wote, aulizwe! Kila cha mtu kirudishwe, avansi ilipwe au kitanda kimalizwe. Halafu wasia, usipite theluthi. Halafu urithi.

Tufanye hesabu moja. Marehemu hana wazazi. Ameacha mke, wavulana wawili na binti mmoja. Fundi mwaminifu anapima vyombo, anaona ni dola 240. Mke ana thumni, yaani 30. Zinabaki 210, zinagawanywa mafungu matano: kila mvulana 84, binti 42. Lakini nani atakata msumeno vipande vinne? Mtoto anayefanya kazi hiyo abaki na sanduku, awalipe wengine fungu lao polepole, iandikwe mbele ya mashahidi. Au vyombo vikodishwe, na kodi igawanywe kwa hesabu ileile. Fungu la mdogo linatunzwa mpaka apate akili ya kushika mali, ndivyo aya ya 6 ya Sura hiyohiyo inavyotaka.

Na kabla ya kupima, msafishe. Mali yenye kutu inapimwa kama takataka, na hapo wanyonge wanapunjwa. Kaeni pamoja uani, mama, wavulana na mabinti, siku moja au mbili. Chuma kilowekwe katika maji ya ndimu, kisuguliwe kwa mchanga laini na majivu, kioshwe, kikaushwe juani siku hiyohiyo, kipakwe mafuta kidogo ya mashine. Ulimi wa randa unanolewa juu ya jiwe lenye maji, kwanza mgongo uwe sawa, halafu makali. Msiupeleke kwenye jiwe la moteri kwa haraka: chuma kikigeuka rangi ya buluu kimepoteza ugumu wake, na makali hayatakaa. Meno ya msumeno yanalazwa moja kushoto, moja kulia, la sivyo unabanwa ndani ya mbao. Mpini mpya utoke katika mti mkavu. Mti mbichi unasinyaa, na kichwa cha nyundo kinaruka kwa mtu. Mpini wa zamani usiooza usitupwe, umeshika umbo la kiganja cha mzee.

Kazi hiyo ina faida ambayo sokoni haiuzwi. Mtoto anauliza: chombo hiki cha nini? Mama anajibu, au mwanafunzi wa zamani wa marehemu anaitwa kuonyesha. Mtume (s.a.w.) ametaja elimu yenye kufaa kati ya mambo matatu yasiyokatika mtu akifa. Kijana akitengeneza mlango kwa njia aliyofundisha baba yake, tunatumaini baba anaandikiwa.

Ee Mwenyezi Mungu, warehemu mafundi wetu waliotangulia, uwape wajane na yatima wao haki yao.

Baada ya swala, mwenye vyombo vya marehemu ambavyo havijagawanywa abaki na imamu. Mafundi wawili watakuwapo kwa kupima, bila malipo. Mwenye kushika chombo cha yatima akilete Ijumaa ijayo. Hataulizwa mbele ya watu.