Mkuki wa Kufika Mbinguni: Thamani ya Kimaadili ya Michezo ya Video ya Kuvaa Uhusika

Utangulizi

Michezo ya video ya safari na ya kuvaa uhusika imewafikia vijana wa Meru na Embu kama ilivyowafikia wenzao kwingineko nchini Kenya. Lawama dhidi yake zinafahamika: kwamba humpotezea kijana wakati na kumzoesha ushindi usio na jasho. Watetezi wake nao hutaja burudani na wepesi wa fikra. Pande zote mbili huupima mchezo kwa manufaa au hasara iliyo nje yake. Makala haya yanauliza swali la ndani zaidi: mchezaji anapovaa uhusika na kutegewa mtihani, ni kitu gani kinachoufanya mtihani huo ustahili kukabiliwa? Jibu linatafutwa kwanza katika simulizi ya Wameru kuhusu Mbwaa, kwa kuwa kimuundo simulizi hiyo ni safari iliyojaa mafumbo.

Mitihani ya Mbwaa

Simulizi ya Mbwaa imejadiliwa na Bernardo Bernardi (1959) na Jeffrey Fadiman (1993), na matoleo yake hutofautiana. Kwa ufupi, mababu wa Wameru waliishi utumwani Mbwaa, mahali palipopakana na maji, chini ya watawala waitwao Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu. Watawala hao waliwatwika mitihani iliyoonekana kuwa muhali. Walipoagizwa walete ndama anayetoa mavi meupe, walimlisha ndama maziwa matupu. Walipoagizwa watoe tunda lililotumbukizwa katika shimo refu, walimimina maji hata tunda likaelea. Walipodaiwa kiatu chenye manyoya pande zote mbili, waliitumia ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Hatimaye walidaiwa mkuki wa kufika mbinguni. Mtihani huo hawakuujibu. Waliondoka, wakiongozwa na yule ambaye masimulizi humwita Koomenjoe, wakayavuka maji. Waliovuka usiku, alfajiri na mchana ndio chimbuko la makundi ya Njiru, Ndune na Njeru.

Mtambaji anapotua baada ya kutaja sharti la ndama, msikilizaji hualikwa alitafutie ufumbuzi kabla ya kuambiwa. Hapa simulizi inakaribiana na kitendawili, utanzu ambao una nafasi yake pia katika fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere iliyokusanywa na Ciarunji Chesaina (1997). Katika utegaji wa vitendawili vya Kiswahili, anayeshindwa hudaiwa mji kabla ya kupewa jibu. Mji huo ni wa kubuni, lakini deni lake linaeleweka: kushindwa kuna gharama, na jibu halitolewi bure.

Mchezo na lengo la kuazima

Bernard Suits (1978) anaueleza mchezo kuwa jitihada ya hiari ya kuvishinda vikwazo visivyo vya lazima. Watu wa Mbwaa hawakuwa na hiari hiyo. Anayecheza ni msikilizaji anayeyafumbua mafumbo yao akiwa salama. C. Thi Nguyen (2020) anaongeza kwamba mchezo humpa mchezaji utendaji wa kuazima: kwa muda hulivaa lengo lisilo lake, pamoja na uwezo na mipaka yake. Maelezo haya yanafafanua vizuri mvuto wa kuvaa uhusika. Hata hivyo, yanafichua pia hatari yake. Anayelivaa lengo la kuazima anaweza kulitumikia kwa bidii bila kuuliza ni nani aliyeliweka na kwa faida ya nani.

Hapo ndipo mkuki wa Mbwaa unapopata uzito. Mitihani iliyotangulia ilidai werevu. Wa mwisho ulidai utambuzi kwamba aliyeutega hakukusudia ujibiwe, na kwamba kuendelea kushindana ndiko kushindwa kwenyewe. Michezo mingi ya video haimfikishi mchezaji kwenye utambuzi huu. Humwahidi kwamba kila mlango una ufunguo, na kwamba adui huwekwa ili auawe. Mchezaji wa namna hiyo angebaki Mbwaa akifua chuma.

Chaguo linaloacha alama

Ipo michezo iliyokwenda mbali zaidi. Katika Ultima IV, iliyotungwa na Richard Garriott na kutolewa mwaka 1985, hakuna adui mkuu wa kuangamizwa. Lengo ni kuzitimiza fadhila nane. Mchezaji hununua viungo vya uganga kwa mwanamke kipofu, na ni mchezaji mwenyewe anayehesabu fedha anazolipa. Anayepunja hazuiwi wala kukemewa, lakini fadhila yake ya uaminifu hupungua. Katika Undertale ya Toby Fox (2015), mchezaji anaweza kufika mwisho bila kumuua yeyote. Anayeua kisha akarudi nyuma ili afute kosa hugundua kwamba mchezo unakumbuka.

Mfano huu wa pili unakabili pingamizi zito, kwamba chaguo linaloweza kurudiwa si chaguo. Pingamizi hilo lina ukweli: pale ambapo kila kosa hufutika, uwajibikaji hufutika pia, na mji haulipwi kamwe. Lakini kosa hapo ni la utungaji, si la utanzu mzima. Aidha, mchezo una uwezo ambao simulizi haina. Msikilizaji wa habari za Mbwaa huambiwa kwamba mababu waliondoka; hawezi kuchagua kubaki. Mchezaji anaweza kubaki, kutii na kuua, na kwa hiyo kukataa kwake, akikataa, ni tendo lake mwenyewe.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba thamani ya michezo hii haipimwi kwa ushindi wala kwa wingi wa mafumbo. Mhakiki anayeikabili anapaswa kuuliza mambo mawili: je, chaguo la mchezaji huacha alama asiyoweza kuifuta? Na je, anaweza kulikataa lengo alilopewa? Penye majibu ya ndiyo, kijana wa Meru au Embu aliye mbele ya skrini anajizoeza jambo lile lile lililowatoa mababu Mbwaa: kuutenga mtihani wa kujibiwa na mtihani wa kuachwa. Pasipo na majibu hayo, wazazi wanaolalamika wana haki yao.