Je, Kutomdhuru Jirani Kwatosha?

 

Ndugu mmoja katika wanaohudhuria darasa letu alitujia baada ya sala ya isha hali amekasirika. Mwanawe asoma sekondari, na skuli imewapeleka wanafunzi siku ya Jumamosi kufagia soko na kuzibua mitaro katika mtaa wa watu wasio wa kabila lao wala dini yao, na mwalimu amewaambia kuwa kwa kazi hiyo watajifunza kuleta amani. Ndugu yule akauliza: "Sheikh, mimi nalipa karo mwanangu asome, si awe mfagizi. Na amani na mtaro vina uhusiano gani? Mwanangu hajampiga mtu wala hajamtukana mtu. Amani anayo tayari."

Neno la kwanza halitaki jawabu refu. Mtume wetu (s.a.w.) alibeba matofali ulipojengwa msikiti wa Madina, na akachimba handaki pamoja na masahaba zake mpaka vumbi likamfunika. Ikiwa yeye hakuona aibu, sisi twaiona ya nini?

Lakini neno la pili ndilo zito, nalo ni neno la wengi wetu: kwamba asiyemdhuru mtu amekwisha kutimiza haki ya amani. Nami sitalijibu kwa kitabu kabla sijalijibu kwa nafsi yangu.

Mwezi wa Agosti 1997 nilikuwa kijana wa sekondari huko Likoni. Wasomaji wakumbuka yaliyotokea kuanzia usiku wa tarehe 13: kituo cha polisi kilivamiwa, watu wakauawa, na majirani zetu waliotoka bara wakachomewa nyumba na vibanda vyao. Ukuta wa pili na wetu walikaa watu wa bara. Mama alikuwa akiuza sukuma wiki na nyanya, na nyumbani kwetu tulinunua kwake takriban kila siku kwa muda wa miaka mitatu. Asubuhi moja walibeba magodoro yao wakenda kanisani, walikokuwa wamekimbilia wenzao. Mama yule alinitazama, nami nimesimama mlangoni. Sikushika hata ncha ya godoro. Nilitaka kumwita mumewe nimwambie neno, nikajikuta silijui jina lake. Miaka mitatu, ukuta kwa ukuta, na jina silijui!

Sikumdhuru. Wala sikumfaa. Na tangu siku ile neno "sikumdhuru" halijapata kunituliza moyo.

Basi tazama maana ya jambo hili, ewe msomaji. Wale waliokuja na mapanga walikuwa wachache, na sisi tuliosimama milangoni tulikuwa wengi. Mchochezi hapati nguvu kwa wafuasi wake tu, bali hupata nguvu kwa ugeni uliopo baina ya majirani. Mtu usiyemjua ni rahisi kuambiwa kuwa ni adui yako, nawe ukanyamaza.

Na dini yetu haikuridhika na kunyamaza. Katika Sura ya Al-Hujurat tumeamrishwa kupatanisha, na kupatanisha ni tendo. Na katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 114, Mwenyezi Mungu ametubainishia kuwa mazungumzo mengi ya siri ya watu hayana kheri, ila ya mwenye kuamrisha sadaka, au wema, au kusuluhisha baina ya watu. Angalia vipi mambo haya matatu yamewekwa pahala pamoja. Atoaye, na atendaye wema, na asuluhishaye, njia yao ni moja. Kijana asiyezoea mawili ya mwanzo, la tatu atalipata wapi?

Ushahidi hauko mbali. Huko Wajir, katika nchi yetu hii, koo za Waislamu wenyewe kwa wenyewe ziliuana katika miaka ya mwanzo ya 1990. Wanawake wachache wa koo mbalimbali, na miongoni mwao marehemu Dekha Ibrahim Abdi, hawakuanza kwa hotuba. Walianza na soko, wakasimamia kwamba mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue pasi na kuzuiwa. Kisha wakawaendea wazee, na vijana nao wakaunda kundi lao la amani. Mwaka 1993 wazee wa koo wakafunga mapatano yajulikanayo kwa jina la Al-Fatah. Amani ile ilianzia penye nyanya na maziwa, ndipo ikafika penye wino na karatasi.

Lakini tusidanganyane kuwa kila kazi ya pamoja huleta mapenzi. Makureshi waliijenga Al-Kaaba pamoja, kila ukoo na fungu lake, na walipofika mahala pa kuliweka Jiwe Jeusi walitaka kuuana. Wako waliotia mikono yao katika bakuli la damu wakala kiapo cha kufa. Jasho walilitoa pamoja, bali utukufu kila mmoja aliutaka peke yake. Mtume (s.a.w.), kabla ya kupewa utume, alitandika nguo, akaliweka jiwe juu yake, akawaambia wakuu wa koo washike pembe zake wote wainue. Hapo ugomvi ukaisha. Kazi iliwakutanisha, na kushirikiana utukufu ndiko kulikowasuluhisha.

Basi hapa ndipo penye nasaha yangu kwa walimu. Serikali, katika mtaala wa umilisi ulioanza madarasani mwaka 2019, imeiweka huduma kwa jamii kuwa miongoni mwa masomo ya lazima ya sekondari ya juu. Ni jambo jema. Lakini wakipelekwa vijana wakafagia mtaa wa watu, wakapigwa picha, wakarudi, watakuwa wamejifunza kiburi tu. Na wenye mtaa watakuwa wamejifunza kuwa wao ni wachafu. Vijana wa mtaa ule nao washike ufagio, kisha wote pamoja waje wafagie mtaa wetu. Waulizane majina. Wale pamoja. Na waliogombana wakiwa kazini wasitenganishwe upesi, bali wafunzwe kusikilizana mpaka waafikiane, kwani hilo ndilo somo lenyewe.

Atasema msemaji: jambo la kulazimishwa lina thawabu gani, na amali ni kwa nia? Namjibu: mtoto huamrishwa sala naye yungali mdogo, kabla hajaijua ladha yake, na wengi wetu hatungesali leo lau tungeachwa mpaka tupende. Amri huuleta mkono. Kuuleta moyo ni kazi ya mwalimu na mzazi. Na mzazi amwambiaye mwanawe kuwa kazi hii ni ya wafagizi, huyo ameubomoa moyo kabla mkono haujaanza.

Wala sisi wenye vyuo hatuna udhuru. Twawahifadhisha watoto sura ya Al-Maun, inayomlaumu anyimaye msaada mdogo, nao hawajapata hata siku moja kumpelekea jirani maji. Tangu mwezi ujao, Inshallah, wanafunzi wa chuo chetu watatoka kila Alkhamisi jioni pamoja na vijana wa mtaa wa pili, wa dini yoyote, kuzibua mitaro kabla ya masika. Ndugu yule niliyemtaja nimemwomba aje, naye hajanipa jawabu. Mimi nitakuwapo na jembe langu, na jambo la kwanza nitakalowauliza wenzangu ni majina yao.

Ewe Mola wetu, zipatanishe nyoyo zetu, na utusamehe siku tuliyosimama mlangoni. Amin.